Moja, Acha, Moja

Jambo la kwanza aliloliona Dilshada lilikuwa fundo moja la kijani.

Lilikuwa dogo kama punje ya ulezi, limekaa peke yake katikati ya uwanja wa rangi ya maziwa, mahali ambapo hakuna jani wala shina lililopaswa kupita. Ilikuwa asubuhi na mapema, wenzake hawajapanda ghorofani. Milozi ya nje ilikuwa imechanua, na mwanga ulioingia dirishani ulipita kwanza kwenye maua yale, ukafika chumbani ukiwa mweupe na mlegevu, kama mwanga wa ndani ya yai. Dilshada alidhani ni kivuli cha kitawi. Akapitisha kidole juu ya zulia. Kivuli hakina mgongo. Hiki kilikuwa nao.

Hakumwambia mtu. Dilshada hakuwa mtu wa kuwaambia watu mambo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na bado wageni wakija alijibanza nyuma ya birika kubwa la chai, na akiulizwa jina, mama yake, Taja, ndiye aliyejibu. Shule aliiachia darasa la tatu, mwaka bibi yao alipopooza na akatakiwa mtu wa kushinda naye. Bibi alipokufa hakuna aliyekumbuka kumrudisha shuleni, na yeye mwenyewe aliona haya kukumbusha.

Mbele ya kitanda cha kufumia mazulia, hata hivyo, alikuwa mtu mwingine. Hapo yeye ndiye msomaji. Ustadhi aliyebuni zulia hakuchora maua. Aliandika karatasi nyembamba ndefu, zimejaa alama ndogondogo kama nyayo za ndege juu ya theluji. Hiyo ndiyo talimu. Kila alama ni idadi ya mafundo na rangi yake, na palipo na duara tupu, mfumaji huruka: uwanja utajazwa baadaye. Msomaji huziimba alama hizo, wafumaji hufunga, kisha huitikia ili ajue aendelee.

"Nyekundu mbili, acha moja, kijani moja," Dilshada aliimba, na sauti yake, ambayo sebuleni haikufika hata kwenye kikombe chake mwenyewe, ilijaza chumba ikatoka dirishani. Watu waliopita njiani walijua safu imefika wapi.

"Nimefunga," aliitikia Shangazi Mugli kutoka kulia.

"Nimefunga," aliitikia Ulfat kutoka kushoto.

Ulfat alikuwa mdogo wake, msichana wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa ulimi na wa vidole. Akitoka shule alipanda ngazi mbilimbili, akaketi kwenye ubao, akafunga mafundo huku akisimulia nani kagombana na nani darasani. Yeye ndiye aliyejaza uwanja ule wa maziwa.

Shangazi Mugli aliliona lile fundo siku ya pili. Alisogeza uso karibu na zulia mpaka pua ikagusa sufu.

"Huyu chawa wa kijani katoka wapi?"

"Dada aliimba kijani," Ulfat akasema haraka.

Dilshada alijua hakuimba kijani. Alimtazama mdogo wake, na akaona kwamba Ulfat naye anajua. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umelala mapajani, lakini kidole cha pete kilikuwa kinainuka na kushuka, kinainuka na kushuka, kama kinachohesabu kitu. Ulfat akakifunika kwa mkono wa pili.

"Msomaji wetu alisinzia," shangazi akasema, akalitoa lile fundo kwa ncha ya kisu. "Mwozesheni upesi, atapata mume wa kumwimbia usingizini."

Dilshada aliinamisha kichwa. Lawama ilikuwa nyepesi kuliko maneno, akaibeba.

Baada ya hapo vitu vilianza kuanguka. Kikombe cha chai ya chumvi kilimponyoka Ulfat, kisha cha pili, kisha cha tatu, mpaka mama akampa bakuli la bati. Mwalimu alirudisha daftari lake na kuuliza ni nani anayemwandikia, maana herufi zilikuwa zinatambaa nje ya mistari kama wadudu waliomwagiwa maji. Akiwa amekaa kimya, bega lingeruka. Akiwa anakula, ulimi ungetoka na kurudi. Nyusi zake zilipanda zenyewe, midomo ikapinda, na shangazi aliyekaa upande wa pili akaamini kwamba anafanyiwa dhihaka.

"Nikunjie uso tena," alimwambia, "nami nikukunje sikio."

"Siukunji, shangazi. Unajikunja wenyewe."

"Wa kwangu mbona haujikunji?"

"Wa kwako ulishamaliza kujikunja," Ulfat akasema, na mama akalazimika kugeukia dirisha ili acheke.

Lakini kicheko hakikudumu. Mikono ile ilikuwa kama mikono ya mtu anayesikia harusi inayochezwa kijiji cha pili, ngoma ambayo upepo unaileta kwake peke yake. Alipojaribu kuizuia ilizidi. Mama alichoma mbegu za kufukuza kijicho, akazungusha moshi wake juu ya kichwa cha mtoto mara saba, na ndani ya moshi ule Ulfat alisimama akiwa anapepea taratibu, vidole, viwiko, shingo, kama mti mwembamba uliosimama ndani ya maji.

Usingizini tu ndipo alipotulia. Dilshada aligundua hilo kwa kuwa alizoea kuamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwasha moto wa birika. Alikaa kidogo kando ya godoro la mdogo wake na kuitazama mikono ile miwili juu ya blanketi, imelala chali, imefumbuka, haina habari. Alitamani asubuhi isimalize kuingia. Mara nyingine alihisi kwamba kama angepata wimbo unaofaa, angeweza kumwimbia mtoto huyo safu kwa safu mpaka kila kidole kirudi mahali pake, bila kumwamsha.

Mwishowe Taja alifunga shali kichwani akasema wataenda hospitali ya wilaya. Baba yao alikuwa mbali, huko Bengali, akizungusha shali za Kashmir nyumba kwa nyumba, kama alivyofanya kila mwaka toka theluji ya kwanza mpaka mwanzo wa kiangazi, kwa hiyo mama aliwachukua mabinti wote wawili: Ulfat aonekane, Dilshada asome kitakachoandikwa.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi aliyeitwa Rafiqa, mwenye joho la sufu juu ya koti lake jeupe. Hakuanza na maswali. Alimpa Ulfat vidole vyake viwili vya kila mkono.

"Shika. Usiachie mpaka nikuambie."

Ulfat alishika. Mkono wake ulibana, ukalegea, ukabana, ukalegea.

"Unanikamua kama ng'ombe," daktari akasema.

"Maziwa hayatoki, daktari."

"Ng'ombe mzee." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Aliweka chombo cha kusikilizia kifuani mwa mtoto na kukaa hivyo kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza ukutani maongezi ya jirani. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akauliza kama mtoto huyu aliwahi kuumwa koo.

Taja alilazimika kufikiri. Koo? Koo lilikuwa jambo la zamani. Ndiyo, wakati wa zile siku arobaini za baridi kali, theluji ilipofika kwenye kizingiti cha dirisha, mafindofindo yalivimba, na homa ikaja nayo. Kijana wa duka la dawa alikuja mpaka njia panda, akawapa bahasha.

"Alimaliza hizo dawa?"

"Zote, daktari. Mpaka cha mwisho." Taja akamgusa Dilshada begani. "Nyumbani kwangu nina msomaji."

Dilshada alitazama sakafu. Aliiona ile bahasha kana kwamba imewekwa kwenye vigae mbele yake.

Ilikuwa bahasha ndogo ya khaki, na juu yake kijana wa dawa, huku akipuliza vidole kwa baridi, alikuwa ameandika haraka: mstari uliosimama, duara, mstari uliosimama. Hakueleza. Mama alimpa Dilshada akasema, wewe ndiye msomaji, soma. Dilshada alikaa na bahasha ile karibu na kikapu chake cha makaa ya kuota, akaisoma kwa makini kuliko alivyowahi kusoma kitu. Mwanzoni aliona mia na moja, namba aliyoikumbuka toka darasa la tatu, lakini ndani vidonge vilikuwa ishirini tu, kwa hiyo haikuwa mia na moja. Halafu macho yake yakazoea, na zile alama zikageuka zenyewe kuwa kitu anachokijua. Moja. Acha. Moja. Alifurahi. Ilikuwa talimu. Watu wa dawa nao wana talimu yao.

Basi siku ya kwanza alimpa Ulfat kidonge kimoja. Siku ya pili akaacha. Siku ya tatu akampa kimoja. Siku ya nne akaacha. Ilipofika siku ya saba Ulfat alikuwa nje, anarusha theluji kwenye mgongo wa shangazi, na mama akauliza kutoka jikoni, "Imekwisha?" Dilshada akaitikia kwa kichwa. Homa ilikuwa imekwisha. Vidonge vilivyobaki alivitia kwenye kopo la bizari nyembamba, vingoje kipupwe kijacho, kama watu wote wafanyavyo.

Sasa ndipo alipoelewa kwamba mama hakuwa ameulizia homa. Alikuwa ameulizia dawa.

Alifungua mdomo. Lakini daktari alikuwa amekwisha kuanza kueleza, na Dilshada hakuwahi kumkatiza mtu katika maisha yake.

"Kooni kwa huyu kuliingia bakteria," daktari alisema. Alikuwa anamweleza Ulfat mwenyewe, si mama. "Mfano wa mwizi. Na mwili una mbwa wake wa ulinzi. Mbwa akamshika mwizi, akamng'ata, vizuri. Ila mwizi huyu ana ujanja: kavaa joho kama mnalovaa nyinyi. Akikaa ndani muda mrefu, mbwa anazoea kwamba adui ni yule mwenye joho. Mwizi akaondoka, miezi ikapita. Mbwa je? Bado anang'ata kila mwenye joho. Anang'ata magoti ya mwenye nyumba. Anang'ata moyo. Anang'ata ile sehemu ya ubongo inayoiambia mikono itulie."

"Mbwa mjinga," Ulfat akasema.

"Si mjinga. Mwaminifu kupita kiasi. Ugonjwa wenyewe unaitwa homa ya baridi yabisi."

Alisema mikono ingetulia, ingawa ingechukua miezi. Si mikono aliyoihofia. Kwenye kilango kimoja cha moyo alisikia mnong'ono, mdogo bado. Koo likiumwa tena, na tena, mnong'ono huo ungegeuka kuwa mlango usiofungika. Kwa hiyo mwizi asiruhusiwe kurudi hata mara moja: sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka Ulfat awe mwanamke mzima.

"Lakini alimaliza zile dawa," Taja alisema. Aliyasema taratibu, kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Daktari aliinua mabega. "Hutokea, hata kwa aliyemaliza. Ni mara chache, lakini hutokea." Akavuta karatasi, akaandika dawa ya kutuliza mikono, akamgeukia Dilshada kwa kuwa ndiye msomaji. Kalamu yake ikachora mstari, duara, mstari.

"Asubuhi kimoja. Mchana hakuna. Jioni kimoja. Hivyo kila siku, usiruke siku. Sawa?"

Sauti za hospitali zilikwenda mbali, kama mtu amefunga mlango wa msikiti na wanaoswali wamebaki ndani. Dilshada aliitazama ile alama. Ilikuwa ile ile. Asubuhi, mchana, jioni. Siku moja nzima ilikuwa imekunjwa ndani ya alama tatu, na yeye aliitandaza ikawa siku tatu.

"Sawa," akasema, na hilo ndilo neno pekee alilolisema siku ile.

Sindano ya kwanza ilimfanya Ulfat achechemee siku mbili, na shangazi akasema sasa nyumba imepata bata. Wiki zikaenda. Maua ya mlozi yalimwagika yote siku moja ya upepo, yakaingia dirishani, yakatua juu ya zulia, na Dilshada akayaokota moja moja kutoka kwenye uwanja akiogopa kwamba ni mafundo. Mdogo wake alikuwa bado anapepea, ingawa kidogo. Zulia lilipanda pole pole kwa mikono ya shangazi peke yake.

Katika wiki hizo Dilshada aliota ndoto moja mara tatu. Ulfat anatembea juu ya theluji, bila viatu, na kila unyayo anaouacha ni alama ya talimu. Dilshada yuko nyuma yake, anaimba kila unyayo, na kila akiuimba unajifunga, theluji inakuwa laini tena. Wanakwenda hivyo mpaka kwenye ile miti mirefu ya mipopla. Kisha unyayo mmoja ni duara tupu, halina rangi wala mwisho. Anajaribu kusema "acha" na koo lake linavimba, halisemi. Mbele yake Ulfat amesimama, hageuki, anangoja kuimbiwa.

Alipokuwa macho haikuwa tofauti sana. Siku moja walikuwa bombani na mama, wanaosha mboga, maji yakiwa baridi kama kisu.

"Mama, ile bahasha," alianza.

"Bahasha gani?"

Maji yalipita juu ya majani. Dilshada aligeuza jani, akaliosha tena upande uliokwisha kuwa safi. "Basi," akasema.

Zilipobaki siku tatu kabla ya sindano ya pili, Ulfat alisema haendi. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliyatoa maneno kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu.

"Dawa ya kwanza niliimaliza yote, ikaniacha. Na hii itaniacha. Sasa nichomwe mpaka nizeeke kwa ajili ya kitu kinachoniacha? Bora niiache mimi kwanza."

Shangazi Mugli hakumpinga. Alisema kuna damu zisizopatana na dawa za hospitali. Yeye alimjua mtu wa namna hiyo. Alisema afadhali wakafunge uzi kwenye kaburi la walii kule mlimani, wamwombe, wangoje. Taja alikuwa mwanamke mwenye akili, lakini alikuwa amemshika mtoto huyo wakati sindano inaingia, na bado alikisikia kilio chake mikononi. Akasema uzi watafunga kwa vyovyote, na pengine sindano isubiri mpaka mwezi ujao, baba yao arudi, waamue pamoja.

Dilshada alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina mpaka ikafurika kwenye sahani.

"Na wewe unaanza kutetemeka?" shangazi akauliza.

Usiku ule alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Hakuota.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi, na miadi ya sindano ilikuwa Jumamosi. Alasiri Ulfat alipanda ghorofani, ngazi moja moja, akasema amechoka kukaa chini kama mzigo. Anataka kukaa kwenye ubao wake. Kufunga hakuweza bado. Shangazi akamwambia akae basi, aitikie tu, sauti yake haitetemeki. Taja naye alikuja akaketi ukutani na pamba yake na gurudumu la kuisokotea. Jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba, na mwanga chumbani ulikuwa wa kijani kwa ajili ya majani machanga, wote wanne wamekaa ndani yake kama samaki.

Dilshada aliitundika karatasi ya talimu kwenye nyuzi. Akaanza.

"Nyekundu tatu, acha moja, samawati mbili."

"Nimefunga," akasema shangazi.

"Nimefunga," akasema Ulfat, mikono yake ikiogelea mapajani.

"Samawati moja, acha mbili, kijani moja."

"Nimefunga."

"Nimefunga."

Alama iliyofuata ilikuwa mstari, duara, mstari. Alikuwa amejua tangu asubuhi kwamba itakuja. Aliiona akiwa anafagia. Angeweza kuiimba ikapita kama nyingine zote. Sauti yake ilikuwa tayari imefunguka, na ilipofunguka haikujua haya, na Dilshada akaipandia kama mtu anayepanda gari lililokwisha kuondoka.

"Asubuhi moja," aliimba, kwa mahadhi yale yale, "acha mchana, jioni moja."

Kisu cha shangazi kilisimama hewani. "Hiyo rangi gani? Mimi sina jioni kwenye kikapu changu."

"Kila siku mbili, siku kumi, ishirini zote," Dilshada akaimba. Macho yake hayakutoka kwenye karatasi. "Msomaji akasoma kwa talimu. Leo moja, kesho acha, kesho kutwa moja. Nne zikafungwa. Kumi na sita zikabaki."

Gurudumu la mama lilikuwa limenyamaza. Nje kuku alitembea juu ya vibanzi vya kuni, na ikasikika kila hatua.

"Mama akauliza imekwisha. Homa ikawa imekwisha, dawa haijakwisha. Msomaji akaitikia kwa kichwa. Dawa haikumwacha Ulfat. Msomaji ndiye aliyeiacha."

Hakuna aliyeitikia. Mahadhi yalikwisha, na wimbo wa talimu ukikosa kuitikiwa huning'inia chumbani kama nguo isiyo na kamba. Taja ndiye aliyesimama wa kwanza. Alishuka ngazi, wakasikia makopo yanagongana jikoni, moja baada ya moja, akapanda tena ameshika kopo la bizari. Akalimimina juu ya shali yake. Kati ya mbegu za kahawia vidonge vilionekana vyeupe, vimeshika harufu ya mchuzi. Alivihesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu, kisha akakaa chini taratibu, mkono kwenye kifua.

"Nilimwambia daktari vyote," akasema. "Nilimwapia kwa macho yangu. Nami sikuviona."

"Miezi yote hii tunapika na dawa," shangazi akasema, lakini kwa sauti ndogo, na alipomtazama Dilshada alitazama haraka akageuza uso, kama mtu aliyechungulia chumba ambacho si chake.

Ulfat alichukua kidonge kimoja. Vidole vyake vilikikosa mara mbili, mara ya tatu vikakipata. Alikiinua kwenye mwanga.

"Kwa hiyo hakikunikataa," akasema. "Ni vile tu sikukimeza."

Dilshada alitaka kusema kwamba hata angevimeza vyote hakuna ajuaye kama angesalimika. Daktari mwenyewe alisema hutokea. Lakini alijua kwamba huo ungekuwa mlango wa kutokea, na hakutoka.

"Ulijua tangu lini?" Ulfat akauliza.

"Tangu kwa daktari."

"Na mimi nikawa naambiwa nina damu mbaya." Nyusi zake zilipanda na kushuka, na safari hii haikujulikana kama ni ugonjwa au ni yeye. Alikaa hivyo, kidonge mkononi, mkono unapepea, kidonge kinapepea. Dilshada alingoja. Aliona kwamba angengoja hata mpaka zulia lijifume lenyewe.

"Jumamosi," Ulfat akasema mwishowe, kidevu kikimwelekea dada yake, "anishike mkono yeye. Si wewe, Mama. Wewe unalia kabla yangu. Anishike yeye, na nikimkamua asipige kelele."

Taja alifunika mdomo kwa ncha ya shali. Shangazi Mugli akapuliza pua, akasema uzi wa walii ulishanunuliwa, kwa hiyo mlimani wataenda vilevile, Jumamosi hiyo hiyo baada ya hospitali, na bata atabebwa ikibidi.

"Na hizi habari zako," Ulfat aliendelea, akimgeukia dada yake, "zirudie. Bila kuimba. Wewe ukiimba hata msiba unapendeza. Nataka kuzisikia kwa sauti yako ya chini."

Sauti ya chini. Ile ya nyuma ya birika. Dilshada alitoa macho kwenye karatasi. Alimgeukia mdogo wake, akaishika mikono yake yote miwili, ikawa inatapatapa ndani ya mikono yake kama ndege wawili walioingia nyumbani kwa makosa, na hakuibana, aliizungushia vidole tu. Hakukuwa na alama mbele yake ya kusoma.

"Nilikosea kusoma, Ulfat," akasema. "Na nilipojua, nikakuacha uamini kwamba kosa liko mwilini mwako."